Baba Mkwe Nyuma ya Darasa

Nina hasira za karibu, na nikishaamini jambo, kunitoa hapo ni kazi. Wanachuo wangu hulijua hilo wiki ya kwanza. Nalitaja mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili, maana haya ninayoyasimulia niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, na niliyafanya kwa mtu aliyeniamini.

Nafundisha mbinu za kufundishia katika chuo kimoja cha ualimu wilayani Ngara. Somo langu lina jina refu kwenye ratiba, lakini wanachuo wanaliita "maigizo ya madamu", kwa sababu kwangu hakuna anayekaa. Leo utakuwa mwalimu, kesho mwanafunzi mtoro, keshokutwa mzazi aliyekuja shuleni na fimbo. Wenzangu ofisini hunitania kwamba nilikosea njia, nilitakiwa kuwa kwenye kikundi cha ngonjera. Wacha wacheke. Wao hawakuanzia kazi Nemba.

Nemba iko Biharamulo, na ndiko ilikokuwa shule yangu ya kwanza. Mimi ni Mhangaza, mzaliwa wa Nyamiaga. Watoto wa darasa la kwanza walionikodolea macho kule walizungumza Kisukuma na Kisubi. Kiswahili walikisikia sokoni tu. Siku ya tatu nilijifungia kwenye stoo ya majembe nikalia. Siku ya nne niliigiza ng'ombe. Nilipiga magoti sakafuni, nikalia king'ombe, mtoto mmoja akaja kunikamua, nikamrushia teke la uongo, na darasa zima likacheka na kulitamka neno "ng'ombe" kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile niliamini kwamba hakuna ugonjwa wa darasani usiotibika kwa igizo. Niliamini hivyo miaka mingi, na watu wakanisifu.

Sasa huyu binti. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa mwisho, mfupi, mwenye hatua za polepole, ukimwona kwenye foleni ya chakula utadhani hana neno. Mpe nafasi aigize, utashika mbavu. Alimwigiza mlevi aliyekuja shuleni kudai mwanawe apandishwe darasa. Alimwigiza padri mwenye mafua akisoma matangazo ya ndoa, na hata wale wanachuo wa kiume waliozoea kununa nyuma ya ukumbi waliinuka kupiga makofi. Sauti yake ilijaa ukumbi bila yeye kupayuka. Nilimpenda, nasema wazi. Mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi, lakini nilikuwa naye.

Wazazi wake walikuja na wimbi moja la wakimbizi kutoka Burundi, wakabaki, wakalima. Yeye ndiye wa kwanza nyumbani kwao kufika kidato cha nne. Aliolewa Ntobeye akiwa chuoni, mume akaenda Kahama kutafuta kazi machimboni, na mtoto akazaliwa katikati ya mazoezi ya kufundisha. Akakosa mazoezi. Chuo kikamrudisha mwaka uliofuata kwa sharti moja: hii ni nafasi ya mwisho. Angefundisha masomo mawili ya tathmini, na angalau moja lazima afaulu. Asipofaulu, anaondolewa, na miaka yote ya kusoma inabaki kuwa hadithi.

Aliniomba apangiwe shule ya Ntobeye, karibu na ukweni, ili mtoto anyonye saa ya mapumziko. Nilimsaidia. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa baba mkwe wake, na nililijua hilo. Nilikwenda mwenyewe ofisini kumpigania, nikasema ni bora zaidi, atalelewa na mtu wa nyumbani.

Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Mwanamke hampandishii baba mkwe sauti, hamtazami usoni, hampi mgongo. Akikutana naye njiani hujitenga pembeni mpaka apite. Na baba mkwe naye ana wajibu wake: hakaribii jiko la mkwewe, na akirudi nyumbani hukohoa kabla hajaingia uani, ili binti ajiweke sawa au atoweke. Vijana wa mjini wanaweza kucheka. Lakini nenda vijijini ukaone nani anacheka.

Nami nilikuwa na hotuba yangu kuhusu mambo hayo, hotuba niliyoitoa kila mwaka: ukivuka mpaka wa shule, mila ibaki barabarani. Wanachuo waliiandika kwenye madaftari.

Siku ya somo la kwanza nilifika kwa bodaboda, nikasalimiana na mwalimu mkuu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Karibu." Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, amebakiza muda mfupi astaafu. Nilimpa fomu ya tathmini. Fomu ile husainiwa na watu wawili, mkufunzi na mwalimu mkuu, chini ya sentensi inayosema, "Nimeshuhudia somo hili tangu mwanzo hadi mwisho." Nilimwambia lazima akae nami darasani. Aliishika fomu, akaitazama muda mrefu kuliko urefu wake, kisha akasema, "Sawa."

Tukakaa nyuma. Binti akaingia kwa ubavu. Darasa la pili, watoto wanne wanne kwenye dawati, hesabu za kutoa. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zimepangwa, vifuniko vya soda vimeoshwa na kutiwa kwenye kopo. Akafungua mdomo, na sauti ikaishia dawati la kwanza. Alipoandika ubaoni alisimama upandeupande ili asitupe mgongo, kwa hiyo namba zikateremka kama zinakwenda mtoni. Watoto wa nyuma walianza kufinyana. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka mikono magotini, macho kwenye viatu vyake, nikadhani anasinzia, nikamkasirikia naye.

Tulipotoka nilimvuta binti kando ya tangi la maji.

"Umepatwa na nini?"

"Madamu, baba yuko nyuma."

"Darasani hakuna baba mkwe. Kuna mwalimu mkuu."

"Ndiyo, madamu."

"Chuoni unanguruma. Hapa unanong'ona."

"Chuoni hayupo, madamu."

Alisema hivyo bila ujeuri hata chembe. Alikuwa ananipa jibu lote, limemenywa, nile tu. Mimi mwenyewe, enzi za uhai wa baba mkwe wangu, nilikuwa nikisikia kikohozi chake nakimbilia jikoni na unga mikononi. Nyani haoni kundule. Nikaandika kwenye fomu: "Sauti haitoki." Nikampa alama za kufeli, na nikarudi chuoni nikiwa na hamu, ndiyo, hamu, maana nilishaona dawa.

Jumamosi nilirudi Ntobeye. Shule ilikuwa tupu, mbuzi tu barazani. Nikamweleza binti kitu tunachokiita mwalimu katika uhusika: hufundishi kama wewe, unafundisha ukiwa mtu mwingine. Nikamchagulia bibi kizee. Bibi kizee haogopi mtu, ameshazika wakwe wote, husema lolote na watu hucheka. Nilimfunga kitenge kichwani, nikampa mpini wa jembe awe anaegemea. Alijaribu hatua tatu, mgongo ukapinda wenyewe, na sauti ikatoka. Mbuzi walikimbia. Tulicheka mpaka mtoto wake, aliyekuwa amelala kwenye khanga chini ya dawati, akaamka na kulia.

Wakati akinyonyesha aliniuliza, "Madamu, nikishindwa kukaa kwenye uhusika?"

"Usitoke. Chochote kitakachotokea, usitoke mpaka kengele."

"Na yeye atakuwepo?"

"Fomu inataka awepo."

Aliinamisha kichwa akamtazama mtoto. Nilimwona. Niliona kabisa kwamba anaogopa kitu ambacho mpini wa jembe hauwezi kukiegemeza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumatano ndiyo siku ya somo la pili. Wiki hiyo hiyo, Ijumaa, mazoezi yalikuwa yanafungwa na shule zinafunga. Tulikaa tena nyuma, mimi na mwalimu mkuu, naye akaweka tena mikono magotini na macho kwenye viatu. Mlango ukagongwa kwa mpini wa jembe. Akaingia bibi kizee.

Sijaona somo kama lile. Alilalamika magoti, akawaomba watoto wamsaidie kuhesabu ndizi zake, yaani vile vifuniko vya soda, kwa sababu wageni wanakuja na wanakula bila huruma. Kila mgeni alipokula, watoto walitoa. Walitoa kwa vidole, walitoa kwa vijiti, walitoa wakipiga kelele za majibu kabla hajamaliza kuuliza. Mtoto mmoja wa dawati la mwisho, ambaye siku ya kwanza alikuwa amelala, alikuwa amesimama juu ya dawati. Nilikuwa nimeshaanza kuandika alama.

Ndipo binti mmoja mdogo wa dawati la katikati akasema, "Bibi, na yule babu wa nyuma hajala!"

Darasa lote likageuka. Bibi kizee akasita. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini mimi niliyemfundisha nilikiona. Alinitazama. Angeweza kusema ndizi zimekwisha. Angeweza kusema lolote. Nami, badala ya kumwokoa, nikafanya ishara ya mkono ninayoifanya chuoni: endelea.

Akaja. Alipita katikati ya madawati akigonga mpini, akasimama mbele ya baba mkwe wake, akamnyooshea kifuniko cha soda mkono kwa mkono, na kwa sauti ile ya kizee akasema, "Kula, kijana wangu, umekonda."

Watoto walivunjika mbavu. Mwalimu mkuu hakuinua macho. Kifuniko kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Kisha akasimama polepole, akatoka, akafunga mlango kwa adabu kama mtu anayetoka kanisani katikati ya ibada.

Na binti akaendelea. Nilimwambia asitoke kwenye uhusika mpaka kengele, akanitii. Alifundisha dakika zilizobaki zote, mgongo umepinda, machozi yanashuka, sauti haikutetemeka. Watoto walidhani machozi nayo ni ya mchezo, wakazidi kufurahi. Nilimpa alama za juu kuliko nilizowahi kumpa mwanachuo yeyote. Nikikumbuka dakika zile natamani kujificha.

Ofisini mwalimu mkuu hakuwepo. Fomu ilibaki na sahihi moja. Nilimsubiri mpaka watoto wakaenda nyumbani, nikaondoka nikijiambia amekwenda kutuliza hasira, kesho atasaini.

Alhamisi asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Mama mkwe alinipokea uani, kahawa imeanikwa kwenye mkeka. "Karibu, mwarimu," alinikaribisha, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Akaniambia binti ameondoka jana, kabeba mtoto, amerudi kwao. Hakufukuzwa. Mwenyewe alijua kwamba mwanamke aliyemkosea baba mkwe kiasi kile hawezi kulala pale. Huenda kwao, na wazee wa kwao ndio wamrudishe, na pombe ya ndizi.

Tukasikia kikohozi nje ya ua. Mzee alikuwa amekohoa kwa mazoea, ingawa aliyekuwa akikoholewa hayupo tena. Mkewe akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno mengi kichwani, ya maendeleo, ya taaluma, ya haki ya mtoto wa kike. Mzee akaketi, akaniuliza habari za safari, akaagiza niletewe maji.

"Mzee, umekasirika," nikaanza.

"Sikukasirika. Yule ni mtoto mwenye adabu. Alifanya ulichomtuma."

"Basi naomba unisaidie kusaini."

Akaichukua fomu, akavaa miwani. "Hapa pameandikwa nimeshuhudia tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya kwanza nilitazama viatu vyangu. Jana nilitoka. Nisaini nilichokiona wapi, mwalimu?"

"Lakini ulikuwepo!"

"Nilikuwepo kwa sababu ulisema lazima. Unafikiri nilikuwa naona raha pale nyuma? Nilikuwa nahesabu matundu ya kamba za viatu." Akavua miwani. "Ungeniambia tu nikae nje ya dirisha, ningekaa. Ningelisikia somo lote. Kumsikia siyo mwiko. Ningesaini kwamba nimesikia, na hakuna mtu angeuliza."

Niliweka chini kikombe cha maji. "Kwa nini hukusema, mzee?"

"Wewe ndiye uliyetoka chuoni. Na wewe ni mtoto wa Nyamiaga. Nilijua unajua, nikadhani una sababu yako."

Sikuwa na sababu. Nilikuwa na igizo.

Nikamwambia bado kuna kesho. Binti arudi kesho asubuhi afundishe kipindi kimoja, yeye akae dirishani, nami nitafuta alama za jana na kuandika upya. Alikubali kabla sijamaliza. "Mlete," akasema. "Nitatoa kiti nje mwenyewe." Nilitoka mbio nikamwita bodaboda, nikamwambia aendeshe kama anafukuzwa.

Kwao ni upande wa pili wa wilaya, vilima juu ya vilima. Nilifika jua limeshageukia magharibi. Baba yake alikuwa shambani kwenye migomba, miguu imejaa udongo. Nilimsalimia, nikamweleza yote kwa pupa, nikiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Ndizi nimezifukia leo asubuhi," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akanionyesha shimo, limefunikwa majani ya mgomba na udongo. Ndizi za pombe huivishwa chini siku kadhaa, ndipo zikamuliwe, ndipo pombe ilale. Bila pombe, hakuna wazee wa kumsindikiza. Bila wazee, hakuna kurudi.

"Mzee, ni kesho tu! Kipindi kimoja! Pombe mtapeleka baadaye, hata pipa zima."

"Mama, nimekuja nchi hii mikono mitupu. Kilichonifanya nikamwoza binti kwa watu wa hapa ni kwamba najua kuomba radhi. Nikimpeleka mikono mitupu, nitakuwa nimewaambia sisi ni watu gani?"

Nikamgeukia binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimshika mikono yote miwili. Nilimwambia avae, twende, nitasimama mbele yake, nitabeba lawama zote. Nilimsihi kama yeye ndiye mkufunzi na mimi ndiye ninayefeli.

"Madamu," akasema, na hakuninong'oneza, alisema kwa sauti yake ile nzuri, "nikienda leo peke yangu nitapata cheti na nitakosa pa kukipeleka."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu. Nililia mbele ya yule mzee, nikiwa na kofia yangu kichwani. Hakuna aliyenituliza, na hawakuwa na deni la kunituliza. Bodaboda akapiga honi kwamba giza litatukuta.

Ijumaa asubuhi nilipita shuleni kumwambia mwalimu mkuu kwamba binti haji. Nilimkuta amekaa peke yake kwenye kiti, nje ya dirisha la darasa la pili. Watoto walishaanza kufagia ili shule ifungwe. Akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Ya nyumbani itaisha," akasema. "Watakuja, tutakunywa, atarudi jikoni kwake, itaisha. Hiyo ya kwenu huko ofisini ndiyo sijui inaishaje."

Kweli, ya nyumbani iliisha. Pombe iliiva, wazee walikuja, mzee akanywa wa kwanza, na binti yuko Ntobeye hadi leo, analima maharage na kumsubiri mume wa Kahama. Ya kwetu haikuisha. Kwenye ripoti ya mwisho palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya mwanachuo kutokamilisha. Niliandika ukweli: mkufunzi alimlazimisha afundishe mbele ya baba mkwe wake, na hakumwomba mzee atoke nje. Baada ya siku mbili ripoti ilirudishwa mezani kwangu na karatasi ndogo imebanwa juu yake. Karatasi ilisema sababu iwe ya mwanachuo, siyo ya mkufunzi, na ikanikumbusha kwamba majina ya wanaoondolewa yanatumwa kabla ya saa kumi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu. Mimi mwenye hasira za karibu, ninayejulikana chuo kizima kwamba sinyamazi, nikaangalia huku na huku. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Nikakata sentensi yangu kwa rula, mstari ulionyooka, na juu yake nikaandika: "Hajiamini mbele ya darasa." Nikasaini, nikapeleka.